Kuchambua Hitilafu za Laini ya Kilovolti 33 Dodoma: Anza na Shoti Ndogo

Mwishoni mwa Oktoba mmoja, wakati ardhi ya Dodoma imekauka hadi inapasuka, tuliitwa kwenye tawi la laini ya kilovolti 33 upande wa Kongwa kwa sababu mchungaji mmoja alikuwa ameona waya umelala chini na majani yanaungua kando yake. Tulipofika, waya ule bado ulikuwa na umeme. Ulikuwa ukirukaruka juu ya mchanga kwa cheche fupi za rangi ya samawati, na baada ya laini kuzimwa na kuethiwa, yaani kuunganishwa na ardhi, tuliokota pale ulipokuwa umegusa vipande vya mchanga ulioyeyuka na kuganda kama kioo cheusi, vyepesi na vyenye matundu. Kituoni sakiti breka, yaani swichi kubwa ya laini, ilikuwa imefungwa (ikipitisha umeme) muda wote huo, rilei, yaani kifaa kinachohisi hitilafu na kuiamuru breka ikate, haikuwa imetoa hata alama moja, na mita ya laini ilionyesha mzigo wa kawaida wa jioni.

Naanza na tukio hilo kwa sababu mafunzo mengi ya uchambuzi wa hitilafu huanzia upande wa pili, yaani shoti ya fezi tatu jirani na kituo, ambayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa kubwa kuliko zote na hutumika kuchagua uwezo wa breka. Hesabu hiyo ni ya lazima, nasi tutaifanya. Lakini katika nchi kavu kama yetu, inayopata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, hesabu inayookoa watu ni ile ya mkondo mdogo kabisa ambao laini inaweza kuutoa ikiwa imeharibika. Kwa maoni yangu, fundi asiyeijua tarakimu hiyo kwa kila laini anayoisimamia bado hajaichambua laini hiyo.

Ushahidi kabla ya kurudisha umeme

Breka inapojifungua, yaani inapokata umeme, msukumo wa kwanza wa kila mtu ni kuirudisha, hasa simu za wateja zinapoanza kuingia. Kabla ya kugusa chochote, nakili kwanza kile ambacho rilei inaonyesha: ni kipengele gani kilichofanya kazi, kile cha fezi au kile cha ethi, ni fezi zipi, nyekundu, njano au bluu, mkondo ulikuwa ampea ngapi, volteji ya kila fezi ilishuka hadi wapi, na muda uliopita tangu hitilafu ianze hadi breka ifunguke. Rilei za kisasa huhifadhi pia picha ya mawimbi yenyewe, na picha hiyo inafaa kupakuliwa siku hiyohiyo, kwa kuwa kumbukumbu ya rilei ni finyu na rekodi mpya hufuta za zamani. Nimewahi kupoteza rekodi nzuri kwa njia hiyo, baada ya laini moja kujifungua mara nyingi usiku mmoja wa upepo.

Picha ya mawimbi husomwa kama nyayo. Mkondo wa fezi moja ukipanda na volteji ya fezi hiyohiyo ikishuka, huku mkondo wa ethi ukitokea, hiyo ni fezi moja kwenda ardhini, na katika laini za juu ya nguzo aina hiyo ndiyo nyingi kuliko nyingine zote. Mikondo ya fezi mbili ikipanda kwa kiasi sawa lakini ikielekea pande zinazopingana, bila mkondo wa ethi, hizo ni fezi mbili zilizogusana, kwa mfano nyaya zilizolegea zikapigwa na upepo wa Agosti. Mbili zikipanda na mkondo wa ethi ukatokea, zimegusana na kufika ardhini pia. Zote tatu zikipanda pamoja kwa usawa ni nadra. Ikitokea, uliza kwanza kama kuna mtu aliyesahau kuondoa nyaya za kuethia baada ya matengenezo, maana sababu hiyo hupatikana mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukiri.

Kuna ushahidi mwingine ambao rilei haina, nao ni hali ya hewa na saa. Laini inayojifungua alfajiri ya manyunyu ya kwanza ya Novemba au Desemba, kisha ikarudi vizuri jua likichomoza, kwa kawaida inasumbuliwa na vikombe, yaani vihami vinavyoshika waya, vilivyojaa vumbi la miezi saba. Vumbi likiwa kavu halina neno, na mvua kubwa huliosha. Manyunyu ndiyo mabaya, kwa sababu hulifanya tope jembamba linalopitisha umeme juu ya kikombe, na kwenye nguzo za miti mkondo huo mdogo unaovuja huweza kuchoma kichwa cha nguzo polepole hadi mkono unaobeba vikombe udondoke.

Mchoro na vizio

Baada ya ushahidi, chora. Mchoro wa mstari mmoja unatosha: chanzo, transfoma, baa ya kilovolti 33 (kipitishi cha kituoni ambako laini zote huanzia), laini na matawi yake, pamoja na urefu wa kila kipande na aina ya waya. Tutatumia mfano niliouunda kwa ajili ya mafunzo, na namba zake si za kituo chochote halisi. Chanzo chenye msongo wa kilovolti 220 kina uwezo wa shoti, yaani nguvu kinayoweza kuisukuma kwenye shoti, wa MVA 2,000 (mega volti-ampea). Transfoma ni ya MVA 60, kilovolti 220 kwenda 33, na impidansi yake, yaani jumla ya kizuizi chake kwa mkondo, ni asilimia 12. Laini ina urefu wa kilomita 40, na kila kilomita ina ukinzani wa omu 0.27 na riaktansi (kizuizi kinachotokana na usumaku wa mkondo) ya omu 0.36.

Uwezo wa chanzo usiukisie na usiunakili kutoka ripoti ya zamani. Uombe kwa waendeshaji wa Gridi ya Taifa, nao wakupe tarakimu mbili: ya wakati mitambo mingi inazalisha na ya wakati michache tu inazalisha. Gridi inayolisha Dodoma imebadilika sana. Kuna Mtera yenye megawati 80 kwenye mto Ruaha Mkuu, kuna njia kuu ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga yenye urefu wa takriban kilomita 670, na bwawa la Julius Nyerere limeongezwa likiwa na uwezo wa megawati 2,115. Mitambo mipya ikiunganishwa, shoti kwenye baa hukua, na breka iliyotosha zamani inaweza kuwa haitoshi tena.

Ili kila kitu kiongee lugha moja licha ya tofauti za msongo, tunabadilisha impidansi zote ziwe vizio vya uwiano. Chagua MVA 100 kuwa msingi. Impidansi ya msingi kwenye kilovolti 33 ni kipeo cha pili cha 33 kikigawanywa kwa 100, yaani omu 10.89, na mkondo wa msingi ni ampea 1,750 hivi. Chanzo kinakuwa 100 gawanya kwa 2,000, yaani 0.05. Transfoma inakuwa 0.12 mara 100 gawanya kwa 60, yaani 0.20. Laini nzima ina omu 10.8 za ukinzani na omu 14.4 za riaktansi, ambazo zikigawanywa kwa 10.89 zinakuwa 0.992 na 1.322. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa vijana ni kuiacha asilimia ya transfoma kwenye MVA yake yenyewe bila kuihamishia kwenye msingi uliochaguliwa, na hapo hesabu yote huwa imepinda tangu mstari wa kwanza.

Shoti za fezi tatu na fezi mbili

Kwenye baa, impidansi yote ni 0.05 jumlisha 0.20, yaani 0.25. Moja gawanya kwa 0.25 ni 4, na mara nne ya mkondo wa msingi ni ampea 7,000. Breka ya laini lazima iweze kukata mkondo huo, na iweze pia kuhimili kilele cha wimbi la kwanza, ambacho kwenye masafa ya hezi 50 huchukuliwa kwa kawaida kuwa mara 2.5 ya thamani hiyo, yaani kiloampea 17.5, kwa sababu wimbi la mwanzo huanza likiwa limeegemea upande mmoja. Nitaje kwa kupita tu kwamba Dodoma ipo mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali vifaa vingi vya msongo mkubwa hupimwa kwa matumizi yasiyozidi mita 1,000. Tofauti ni ndogo, lakini ni jambo la kumkumbusha anayeagiza vifaa.

Mwishoni mwa laini, kilomita 40, ukinzani ni 0.992 na riaktansi ni 1.572, jumla yake ya kipembetatu (kwa kanuni ya Pythagoras) ikiwa 1.859. Mkondo wa shoti ya fezi tatu unakuwa ampea 941. Shoti ya fezi mbili ni asilimia 86.6 ya hapo, yaani ampea 815.

Sasa rudia hesabu kwa chanzo dhaifu, tuseme MVA 800 badala ya 2,000. Kwenye baa mkondo unashuka kutoka ampea 7,000 hadi takriban 5,400, na hilo ni badiliko kubwa. Mwishoni mwa laini unashuka kutoka 941 hadi 910 tu. Ukienda mbali na kituo, hali ya gridi haiamui tena ukubwa wa shoti. Urefu wa laini ndio unaoamua, na kwa hitilafu za ardhini, kama tutakavyoona, ni mahali waya ulipoangukia. Laini nyingi za vijijini Kanda ya Kati zina urefu unaozidi huo wa mfano wetu.

Fezi moja kwenda ardhini

Hitilafu isiyo na usawa haihesabiki kwa mchoro wa fezi moja peke yake. Mwaka 1918 mhandisi Charles Fortescue, aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba mikondo yoyote mitatu isiyolingana inaweza kugawanywa kuwa makundi yenye mpangilio: mfuatano chanya, unaozunguka kama umeme wa kawaida, mfuatano hasi, unaozunguka kinyume, na mfuatano sifuri, ambao fezi zote tatu hupanda na kushuka kwa pamoja na kwa hiyo hauna njia ya kurudi isipokuwa kupitia nyutro na ardhi. Kwa hitilafu ya fezi moja kwenda ardhini, mifumo yote mitatu huungwa kwa mfululizo, na mkondo ni mara tatu ya volteji ikigawanywa kwa jumla ya Z1, Z2, Z0 (impidansi za mfuatano chanya, hasi na sifuri) na mara tatu ya ukinzani wa pale waya ulipogusa.

Z1 na Z2 za laini na transfoma ni sawa, nazo tunazo tayari. Z0 inahitaji uangalifu, kwa sababu inategemea jinsi transfoma ilivyofungwa na jinsi nyutro yake, yaani pale fezi zake tatu zinapokutana, ilivyoethiwa. Katika mfano wetu nyutro imeethiwa moja kwa moja, na riaktansi ya mfuatano sifuri inayoonekana kutoka kwenye baa ni 0.18. Laini, kwa kila kilomita, ina omu 0.42 za ukinzani na omu 1.55 za riaktansi za mfuatano sifuri, hivyo kwa kilomita 40 tunapata 1.543 na 5.693 katika vizio vyetu.

Kwenye baa yenyewe, 3 gawanya kwa jumla ya 0.25, 0.25 na 0.18 ni 4.41, yaani ampea 7,700 hivi. Tazama kwamba mkondo huu umezidi ule wa fezi tatu. Anayechagua breka kwa hesabu ya fezi tatu peke yake kwenye kituo cha aina hii atakuwa amepunja.

Mwishoni mwa laini, ikiwa waya umegusa chuma kilichoethiwa vizuri, jumla ya impidansi ni 9.68 na mkondo ni ampea 542. Sasa ongeza ukinzani wa mguso. Kwa omu 40 mkondo ni ampea 307. Kwa omu 200 ni ampea 88. Kwa omu 2,000 ni ampea tisa na nusu, yaani chini ya mkondo wa mashine moja ya kusaga kijijini. Waya uliolala juu ya mchanga mkavu kabisa unaweza kupitisha pungufu ya hapo, au karibu na sifuri, huku ukiwa na volti 19,000 dhidi ya ardhi anayokanyaga mtu.

Hapa pana jambo linalowachanganya hata wenye uzoefu. Wengi hudhani kwamba ukame huongeza impidansi ya njia nzima ya kurudi ardhini, kwa hiyo huongeza Z0 kiholela ili hesabu ifanane na walichokiona. Si hivyo. Mkondo unaorudi kituoni husambaa mamia ya mita kwenda chini na pembeni, na hesabu inaonyesha kwamba hata ukinzani wa udongo ukiongezeka mara kumi, riaktansi ya mfuatano sifuri huongezeka kwa omu 0.22 tu kwa kilomita. Kinachobadilika kutoka Februari hadi Oktoba ni ile sehemu ya kwanza kabisa ya safari, pale waya unapogusana na ngozi ya ardhi. Kwa hiyo Z0 iache kama ilivyo, na ukame wote uuweke kwenye ukinzani wa mguso.

Kutoka kwenye tarakimu hadi kwenye rilei

Laini ya mfano wetu inabeba MVA 10 wakati wa mzigo mkubwa, sawa na ampea 175. Kipengele cha fezi tunaweza kukiweka ampea 300, kiwe juu ya mzigo kwa nafasi ya kutosha na chini ya ampea 815 za fezi mbili mwishoni mwa laini. Kwa mkunjo wa kawaida wa IEC (tume ya kimataifa ya viwango vya umeme), muda wa kukata ni 0.14 mara kipimo cha muda (namba unayoichagua kwenye rilei), ukigawanywa kwa uwiano wa mkondo na mpangilio uliopewa kipeo cha 0.02 na kutolewa moja. Kipimo cha muda kikiwa 0.1, ampea 941 zitakatwa kwa takriban sekunde 0.6, ampea 815 kwa sekunde 0.7, na ampea 7,000 jirani na kituo kwa sekunde 0.2. Rilei iliyo juu yake, upande wa chanzo, iachiwe sekunde 0.3 hadi 0.4 za ziada kwenye shoti kubwa kabisa, ili laini moja ikiharibika isizimwe baa nzima.

Kipengele cha fezi kikibaki peke yake, hitilafu ya ampea 88 haitaonekana kamwe, kwa kuwa ni ndogo hata kuliko mzigo. Kipengele cha ethi hakibanwi na mzigo wa fezi tatu uliolingana, kwa hiyo kinaweza kushushwa hadi ampea 40. Kikiwa na kipimo cha muda cha 0.15, kitakata ampea 542 kwa sekunde 0.4 na ampea 88 kwa sekunde 1.3. Ampea tisa na nusu bado kitaziacha zipite.

Hapo ndipo huongezwa kipengele chepesi cha ethi, kinachoweza kuwekwa hadi ampea chache kwa kuchelewa kwa sekunde kadhaa. Kisiwekwe kwa pupa. Laini ndefu yenye matawi mengi huhifadhi chaji kidogo kwa kila kilomita, na hitilafu ikitokea kwenye laini jirani, chaji hiyo hutiririka na kuonekana kama mkondo wa ethi. Ucheleweshaji lazima uwe mrefu kuliko muda ambao jirani huchukua kukata hitilafu yake. Transfoma za mkondo, zile zinazoipimia rilei mkondo wa kila fezi, zisipolingana vizuri nazo huzalisha mkondo wa ethi wa uongo. Tumia siku kadhaa kupima mkondo wa ethi wa laini ikiwa nzima, usiku na mchana, kisha weka mpangilio juu ya hapo. Hata baada ya kufanya yote hayo kwa usahihi, zipo hitilafu kwenye mchanga wa Oktoba ambazo hakuna rilei ya mkondo itakayoziona.

Taa zilizofifia

Kwa hitilafu za namna hiyo, chombo bora cha upimaji ni simu za wateja, mradi anayezipokea ajue cha kuuliza. Transfoma nyingi za usambazaji upande wa kilovolti 33 zimefungwa kwa umbo la pembetatu. Fezi moja ikikatika juu, koili moja hubaki na volteji kamili, na mbili zilizobaki hugawana volteji hiyo nusu kwa nusu. Matokeo yake mtaani ni haya: nyumba moja taa zinawaka kama kawaida, nyumba mbili za jirani taa zimefifia kuwa nyekundu, friji zinanguruma bila kuanza, na mashine ya kusaga ya fezi tatu imekwama.

Siku ile ya Kongwa simu tatu zilikuwa zimeingia kabla ya mchungaji yule, zote zikilalamika kwamba umeme ni mdogo. Ziliandikwa kuwa ni tatizo la transfoma ya mtaa. Zilitoka vijiji vitatu tofauti kwenye tawi lilelile moja, na transfoma tatu haziharibiki kwa namna moja ndani ya dakika ishirini. Anayepokea simu akisikia umeme mdogo kutoka sehemu zaidi ya moja za tawi moja, achukulie kwamba waya umekatika na huenda uko chini, na tawi hilo lizimwe kabla ya mtu kutumwa kulikagua.

Rilei nyingi za kisasa zinaweza kusaidia hapa kwa kulinganisha mfuatano hasi na mfuatano chanya. Laini isiyo na hitilafu huwa na uwiano wa asilimia chache. Fezi ikikatika uwiano huo hupanda bila mkondo wenyewe kuongezeka. Mpangilio wa asilimia 20 hivi, wenye kuchelewa, hunasa waya uliokatika karibu na mwanzo wa laini. Ukikatika kwenye tawi dogo la mwisho, mzigo wa laini nzima huufunika, na tunarudi kwenye simu.

Kutafuta mahali

Rekodi ya fezi mbili ndiyo rahisi kuliko zote kugeuza kuwa kilomita. Chukua volteji kati ya fezi zilizoharibika na uigawanye kwa tofauti ya mikondo yao. Tuseme volteji ilishuka hadi kilovolti 27.4, na kila fezi ilibeba ampea 1,220 kwa kupingana, hivyo tofauti yao ni ampea 2,440. Jibu ni omu 11.2 kwa pembe ya nyuzi 53, na sehemu ya riaktansi ni omu 9.0. Gawanya kwa 0.36 upate kilomita 25. Tumia riaktansi, usitumie impidansi nzima, kwa sababu cheche na miguso huongeza ukinzani lakini huiacha riaktansi karibu ilivyo.

Kwa fezi moja kwenda ardhini, volteji ya fezi hugawanywa kwa mkondo wake uliojumlishwa na sehemu ya mkondo wa ethi. Sehemu hiyo hupatikana kwa kutoa Z1 kutoka Z0 na kugawanya kwa mara tatu ya Z1. Kwa laini yetu ni takriban 0.89. Ukinzani wa mguso ukiwa mkubwa, jibu hili huyumba, kwa hiyo lichukue kama eneo la kuanzia kutembea na usilichukue kama namba ya nguzo. Kumbuka pia kwamba laini ina matawi, na kilomita 25 inaweza kuangukia sehemu mbili au tatu. Rilei haijui kama ni njia ya Mpwapwa au ya Kibaigwa. Hapo fungua swichi za nguzoni tawi kwa tawi, ukianza na lile lenye simu nyingi au miti mingi mkuzani, yaani kwenye ukanda wa ardhi ambamo laini inapita.

Ukiona waya chini, simama si chini ya mita 10 na uwazuie watu na mifugo, hata kama hakuna cheche wala sauti. Ukijikuta umeshakaribia, ondoka kwa hatua fupi za kuburuza miguu, kwa kuwa volteji ya ardhini hutofautiana kati ya unyayo mmoja na mwingine, na mbuzi mwenye miguu mbali huanguka kabla ya mtu. Hakuna kugusa hadi laini izimwe, ipimwe na iethiwe pande zote mbili za pale mnapofanyia kazi.

Baada ya kurudisha umeme

Ripoti ya hitilafu huandikwa siku hiyohiyo: namba ya nguzo, fezi, mkondo, volteji, muda wa kukata, waya uligusa nini, na tarehe ya mvua ya mwisho kunyesha mahali pale. Sehemu hii ya mwisho karibu hakuna anayeiandika, nayo ndiyo inayofanya ripoti iwe na manufaa mwaka unaofuata, kwa sababu sasa unajua mahali halisi na unaweza kuirudia hesabu kinyumenyume. Tuseme rekodi ilionyesha ampea 150 na waya umekutwa kwenye kilomita ya 40. Mara tatu ya 1,750 gawanya kwa 150 ni 35, hiyo ndiyo impidansi yote. Ondoa riaktansi ya 9.02 kwa kanuni ya pembetatu ubaki na ukinzani wa 33.8, toa 3.53 ya laini ubaki na 30.3, zidisha kwa 10.89 kisha gawanya kwa tatu: omu 110. Huo ndio ukinzani wa mguso wa udongo ule, tarehe ile. Uandike kwenye daftari la laini pamoja na mwezi. Ukishakuwa na namba kumi za namna hiyo, za Februari na za Oktoba, kipengele cha ethi kipangwe upya kwa kuzifuata hizo, na ile omu 200 niliyoitumia hapa kama mfano iondolewe.